Usizibe Kelele Kabla Hujajua Inatoka Wapi

Wasee, ile video niliwaahidi ya kuifanya Land Rover ya Kugo iwe kimya kama studio haitakuja. Mikeka nilinunua. Simu nilichaji. Hata wimbo wa kuweka nyuma ya video nilikuwa nimeshachagua. Lakini nimerudi Nairobi na vidole vimechunika, na nina msimamo ambao najua utawaudhi baadhi yenu: kama bolti za sakafu ya gari yako zimekushinda kufungua, bado hujafika kwenye hatua ya kuweka mikeka ya kuzuia kelele. Rudisha mkeka kwa boksi.

Kwa wageni wa hapa: Kugo ni babu yangu, na nyumbani ni Merigi, Bomet, kule mvua inanyesha ni kama inalipwa. Gari ni Land Rover Series III ya dizeli, ya 1982. Asubuhi inabeba majani chai, mchana mbolea au maziwa, na usiku mtu akizidiwa kijijini, simu ya kwanza anapigiwa Kugo na safari ni ya hospitali ya Longisa. Kwa hivyo usinifikirie gari ya kupigia picha Jumapili. Ni gari ambayo ikikataa kuwaka, kuna mtu ataumia.

Sasa, kelele yake. Ukikaa kiti cha mbele huwezi kuongea, unapayuka. Kugo anafungulia Chamgei FM mpaka mwisho na bado hujui kama wanasoma habari au matangazo ya vifo. Mlango unalia, boneti inatetemeka, na giaboksi inavuma hadi kwa meno yako.

Kuna sababu. Land Rover ilianza 1948, baada ya vita, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, wakaamua mwili uwe wa alumini juu ya chesisi ya chuma. Sakafu nayo si kipande kimoja. Ni paneli kadhaa zimefungwa kwa bolti, na katikati kuna kifuniko cha giaboksi, nacho kimefungwa kwa bolti. Kila paneli nyembamba ni ngoma. Kila mwanya kati ya paneli ni dirisha la kelele, joto na maji. Waingereza walibuni hivyo ili fundi aweze kuivua sakafu afikie giaboksi bila kutoa kila kitu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwezi wa Mei 2024 Land Rover 1,107 zilipita Nakuru kwa msafara mmoja na tukaingia kwa rekodi za Guinness, tukawapita Wajerumani. Nilishangilia kama nyinyi. Lakini tangu hapo kuna watu mtandaoni wanasema kelele ya Land Rover ya zamani ni urithi, ati ukiipunguza umeiua roho. Mimi nawaambia mje Merigi muongee na Kugo. Mje mkae upande wake wa kulia, kwa dirisha, mumwambie kitu kwa sauti ya kawaida. Atawaambia, "Eeh?" Mtarudia mara tatu.

Mnajua kanuni za Kenya za 2005 kuhusu kelele kazini zinasema nini? Mfanyakazi asiwekwe kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane ndani ya siku moja. Hiyo imeandikwa kwa ajili ya viwanda. Mzee anayeendesha gari yake mwenyewe kutoka shambani hana mkaguzi wa kumpimia. Siwezi kusema ni Land Rover peke yake ilimchukulia masikio, uzee pia una kazi yake. Lakini msiniambie hiyo kelele ni utamaduni. Mtu hafai kulipa na masikio yake ndiyo wewe usikie nostalgia.

Kwa hivyo nilienda Merigi nikiwa upande wa kimya. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Mikeka niliyonunua ni ile ya mpira mzito wenye gundi upande mmoja na foili upande wa pili. Muuzaji mjini aliniambia kazi ni rahisi: fagia sakafu, bandika, gandamiza, weka kapeti, maliza. Nusu siku. "Hata bolti huhitaji kugusa," akasema, na mimi nikaona nimepata mtu anayejua kazi.

Lakini nilikuwa nataka picha safi, kwa hivyo nikaamua nitoe sakafu niioshe kwanza. Nikachukua spana ya 13, nikaishika bolti ya kwanza, nikavuta. Haikusonga. Nikatafuta bomba, nikalichomeka kwa mkono wa spana ndiyo nipate nguvu zaidi. Kichwa cha bolti kikawa mviringo kama shilingi. Ya pili ikafanya vivyo hivyo. Ya tatu ikakatika kabisa, na mimi nikaanguka nyuma nikagonga mlango. Kuku walikimbia. Kugo, ambaye hasikii kitu, hiyo alisikia.

Hapo ndipo nikasema basi, wacha nibandike juu. Nilikuwa hata nimekata mkeka wa kwanza. Kugo hakunigombeza. Alimtuma mtoto wa jirani akamwite fundi.

Fundi wetu ni mzee ambaye mikono yake imeingia kwa hiyo gari kuliko mikono ya mtu mwingine yeyote. Aliangalia zile bolti mbili nilizoharibu, akaangalia spana yangu, akauliza, "Kijana, nani alikuambia hii gari inajua milimita?"

Kumbe. Series III ni gari ya inchi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia vizuri, unadhani imeshika, lakini inacheza kwa milimita 0.3. Kwa bolti mpya huenda ukaponea. Kwa bolti iliyokaa kwa matope na mvua miaka mingi, huo mchezo mdogo ndio unaomeza kona za kichwa. Sikuhitaji nguvu zaidi, nilihitaji spana ya nusu inchi. Sikuwa nayo, na nilikuwa sijajisumbua kujua kama nahitaji kuwa nayo.

Sasa nitawaambia alivyofanya, kwa sababu hii ndiyo sehemu video za sekunde 60 huruka.

Siku ya kwanza hakufungua hata bolti moja. Alipiga kila kichwa na uzi wote unaoonekana kwa brashi ya waya, akatia mafuta ya kulegeza kutu, akagonga kila bolti na nyundo ndogo, mapigo mafupi ya wastani, halafu akaenda kunywa chai. Jioni akarudia. Kesho yake asubuhi akarudia. Mimi nilikuwa nachezea simu nikijiambia huyu mzee ananipotezea likizo.

Alinieleza baadaye. Chuma kikishika kutu kinanenepa, ile kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa hapo. Ndiyo maana nati na bolti zinabanana. Ukivuta kwa nguvu, unashindana na huo unene, na bolti nyembamba ndiyo inakatika. Ukigonga, kutu inapasuka nyufa ndogo na mafuta yanapata njia ya kuingia. Lakini mafuta hayana haraka. Pale chuma kinapokutana na alumini kuna shida ya ziada, maana metali hizi mbili zikilowa pamoja alumini inaliwa na kuwa ungaunga mweupe, na huo nao unabana.

Halafu, wasee, kuhusu WD-40. Najua kila mmoja wenu ana mkebe. Hata jina lake linasema kazi iliyotengenezewa: herufi W na D ni kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini la fomula, kule San Diego 1953. Inasaidia kwa kutu nyepesi. Kwa bolti iliyoganda kabisa, tafuta mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kupenya kutu. Mafundi wengi huchanganya wenyewe mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Inafanya kazi, lakini asetoni inashika moto haraka na inakula rangi na plastiki, kwa hivyo usiichezee karibu na jiko ama sigara.

Siku ya pili mchana alianza kufungua. Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza: aliikaza bolti. Kidogo tu, mpaka ikatoa sauti ya "tk". Hiyo sauti ni kutu imeachilia. Ndipo akaigeuza kufungua, robo mzunguko, akairudisha, akatia mafuta, robo nyingine. Alitumia soketi ya pembe sita, ile inayoshika pande za kichwa, badala ya ile ya pembe kumi na mbili inayoshika kona peke yake. Bolti moja ilimchukua dakika kumi. Lakini ilitoka nzima.

Zile mbili nilizozifanya mviringo alizishika na vaisigripi zikatoka zikilia. Ile iliyokatika ndiyo ilikuwa noma. Nilimwambia nimeona mtandaoni watu wakichoma na gesi mpaka inakuwa nyekundu. Akaniuliza tangi la mafuta liko wapi. Sikujua. Liko chini ya kiti, hatua moja kutoka pale nilitaka kuwasha moto. Moto ni dawa nzuri ya bolti, nati ikipashwa inapanuka na kuachia, lakini si mahali palipo na tangi, bomba la breki, au mafuta uliyotoka kupulizia dakika tano zilizopita. Aliweka alama katikati ya kisiki, akatoboa na keekee nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi, polepole, mpaka mabaki yakatoka.

Siku ya tatu sakafu ikatoka. Na hapa ndipo nilinyamaza.

Kulikuwa na sauti nyingine kwa hiyo gari ambayo sijawataja. Ukiondoka, ukiachilia klachi, chini unasikia "ngo". Ukibadilisha gia, "ngo" tena. Sote tuliizoea. Mimi kwa video ya "kabla" niliirekodi kama mfano wa kelele nitakayoizima. Nilikuwa hata nimepanga kuweka mkeka mara mbili hapo.

Fundi aliingiza mkono, akashika propela, ile shafti ya chuma inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma, akaitikisa. Ilicheza kwa mkono mtupu. Krosi ya mbele, kile kiungo chenye umbo la msalaba, ilikuwa imekauka grisi na kuisha. Ile "ngo" ilikuwa chuma kikigonga chuma kabla ya kuvuta.

Kuna kitu kimoja kuhusu Land Rover hizi ambacho sikuwa najua. Breki ya mkono haiko kwa magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi, mwanzo wa hiyo propela ya nyuma. Inashika shafti, na shafti ndiyo inashika magurudumu. Propela ya nyuma ikikatika, breki ya mkono inabaki ikishika hewa. Ukiweka gia gari isisonge, nayo pia haisaidii, njia ni ileile. Unabaki na breki ya mguu pekee, na ya mguu inataka mtu awe ndani.

Sasa fikiria mahali Kugo anaegesha. Kituo cha kununulia chai kiko kwa mteremko. Anaweka breki ya mkono, anashuka, watu wanapakia magunia nyuma, watoto wametoka shule wanakaa kwa bampa. Kila siku.

Mimi nilikuwa karibu kubandika mpira mzito juu ya hiyo sauti, niweke kapeti, niandike "kabla na baada", nipate mioyo. Kugo angefurahia ukimya, kijiji kingenisifu. Na ile "ngo" ingeendelea kugonga chini huko, bila mtu wa kuisikia.

Ndiyo maana nasema msimamo wangu si wa ufundi tu. Kelele ya gari iko aina mbili. Kuna ile gari ilizaliwa nayo, ya paneli nyembamba na injini ya dizeli, na hiyo inafaa kupunguzwa, tafadhali, masikio ni mawili tu. Kuna ile ilianza baadaye, na hiyo ni gari inaomba msaada. Mkeka hauwezi kuzitofautisha. Wewe ndiye unafaa kuzitofautisha, na huwezi kama hujafungua sakafu.

Krosi mpya ilitoka Kericho kesho yake. Bei yake haikufika hata nusu ya pesa niliyomwaga kwa mikeka.

Baada ya hapo tulizima kelele, na tulizima vizuri. Kwanza raba za milango, kwa sababu mwanya mdogo unaweza kuharibu kazi ya mkeka mkubwa. Kutu iliyoonekana tuliikwangua, tukapaka rangi ya kuzuia. Mkeka wa mpira tuliubandika katikati ya kila paneli, haukufunika yote, maana kazi yake ni kuifanya paneli iache kutetemeka, na robo ya eneo inatosha kufanya sehemu kubwa ya hiyo kazi. Nilikuwa nimenunua mara tatu ya niliyohitaji, manze. Juu yake tukaweka sponji ya vishimo vilivyofungika, isiyonyonya maji. Usiweke sponji ya godoro. Kwa hali ya hewa ya Bomet, sponji ya godoro chini ya kapeti ni bwawa, na hilo bwawa litakula sakafu yako kimyakimya. Mwisho tukaweka raba nzito isiyo na gundi, unainyanyua kwa mkono mmoja ukitaka kuangalia chini. Bolti zote zilirudi na grisi ya shaba kwenye uzi, ili atakayefungua tena, hata ikiwa ni mimi baada ya miaka kumi, asinitukane.

Najua mtaniambia: wewe ulikuwa na likizo na fundi mzee, sisi tunakaa Umoja na gari tunaegesha barabarani. Sawa. Basi fungua paneli moja. Ama lipa fundi afungue moja. Na kama sauti imeanza juzi, usinunue kitu cha kuizima mpaka mtu aitaje jina.

Na kama uko kwa soko la gari mkuu, zile Prado na Pajero za mtumba mnazoulizia kila siku kwa inboksi, sikiliza hii. Gari nyingi zinatoka Japani, na kule mikoa ya theluji hunyunyizia barabara chumvi wakati wa baridi. Chumvi inakula chuma kutoka chini. Ukikuta gari ya zamani ina kapeti mpya iliyogundishwa vizuri sana, usisifu kwanza. Uliza kama unaweza kuinyanyua. Akikataa, umeshapata jibu. Ukilala chini ukaona vichwa vya bolti vimeliwa mviringo, jua kuna mtu alijaribu kufungua hapo akashindwa, na huenda alichokuwa anatafuta bado kiko ndani.

Siku ya kurudi, Kugo alinipeleka stegi. Gari haikuwa kimya, msidanganywe, bado ni dizeli ya 1982. Lakini ile "ngo" haikuwepo. Tulipofika kwa mteremko wa kituo cha chai alisimama kusalimia watu, akavuta breki ya mkono, akashuka. Mimi nilibaki ndani nikiangalia mti uliokuwa mbele kama unasonga. Haukusonga. Aliporudi ndani, Chamgei FM ilikuwa inanguruma kama kawaida. Akanyoosha mkono, akaipunguza mwenyewe.

Mikeka iliyobaki iko chini ya kitanda changu. Anayeitaka anitumie ujumbe, lakini aniambie kwanza gari yake inalia wapi.